Mambo ya Nyumbani: Idi ya Watu Wawili



Katika barua tulizoletewa baada ya Ramadhani iliyopita imo moja iliyotoka Kilwa Kivinje, imeandikwa kwa mkono mzuri uliotulia, na mwenye kuiandika ni bibi mtu mzima aliyekwisha kuoza watoto wake wote. Atueleza ya kuwa wawili wako Dar es Salaam, mmoja yuko Mtwara, na binti wa mwisho ameolewa Tanga. Asubuhi ya Idi ya Mfunguo Mosi yeye na mumewe walikunywa chai, mzee akatoka kwenda kusali, na bibi akauzima moto. Hakupika, kwani hakuona ampikie nani. Baada ya swala mzee akakaribishwa kwenye sinia la watu barazani, naye bibi akala kipande cha muhogo wa jana peke yake jikoni. Jioni kila mmoja akamwambia mwenziwe ya kuwa amekula akashiba, alhamdulillahi. Siku ya tatu ndipo jambo lilipofichuka: mzee alimega matonge mawili tu akanawa, kwa sababu roho yake ilikuwa nyumbani.

Swali la bibi huyu ni fupi. Auliza, je, yafaa kupika karamu ya Idi kwa watu wawili, au ni mchezo wa watoto wanaopika mchanga? Na ikiwa yafaa, apikeje, maana mkono wake umezoea sufuria la watu kumi na wawili, na kila ajaribupo kupunguza, chakula humharibikia?

Barua hii hatukuweza kuijibu kwa mistari miwili, kwa kuwa si ya bibi huyu peke yake. Pwani yetu, tangu Somanga mpaka Kilwa, Mchinga na Lindi, ina nyumba nyingi za namna hii, na nyumba yetu sisi tuandikao ni mojawapo. Zamani tulikuwa tukisema kwamba kinachowazuia watoto kurudi kwa sikukuu ni njia mbaya: kivuko cha mto Rufiji, na matope ya masika yaliyokuwa yakilaza magari usiku kucha. Mwaka 2003 daraja la Mkapa likafunguliwa, na lami ikafuata nyuma yake kidogo kidogo, nasi tukafurahi tukidhani mambo yamekwisha. Kumbe njia nzuri humrahisishia mtu kuondoka kama inavyomrahisishia kurudi, na wenye kuondoka walikuwa wengi zaidi. Wala hiyo njia yenyewe haina ahadi. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipoipiga pwani hii, mvua ilikata barabara upande wa Somanga, na mwenye safari yake ikambidi angoje. Hatuwalaumu vijana. Mwenye kazi ana mkubwa wake, na nauli ya mume na mke na watoto watatu si kitu cha kuchukuliwa mfukoni bila kuhesabu. Tusemalo ni kwamba Idi haingoji basi la Nangurukuru. Mwezi ukiandama imefika, walioko wawe kumi au wawe wawili.

Basi kwanza tujibu la kufaa na kutofaa. Watu wengi hudhani karamu ni wingi, na kwamba chakula kisicholiwa na umati si karamu. Dhana hii haina asili katika mafundisho yetu. Tuliyopokea kwa Mtume wetu (S.A.W.) ni kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu, wala hatukupokea kwamba chakula cha wawili ni aibu. Na kabla ya kwenda kusali Idi ya Mfunguo Mosi yeye mwenyewe alikuwa akila tende chache, na hesabu yake witiri, kama alivyopokea Anas (R.A.). Hicho ndicho chakula cha kwanza cha sikukuu: tende tatu, au tano, au saba. Hakuna nyumba ya watu wawili iliyoshindwa na tende tatu.

Wala tusiende mbali, maana hapa kwetu Kilwa pana mfano. Mwaka 1331 alifika msafiri Ibn Battuta, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Sultani huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yako Kisiwani hata leo, nalo lilikuwa na vyumba zaidi ya mia. Mtu mwenye jumba kama lile angeweza kula na mabalozi na matajiri kila siku. Lakini alilolihadithia yule msafiri si upana wa masinia yake; alisema kwamba Sultani alikuwa mnyenyekevu, akikaa na mafakiri na kula pamoja nao. Chakula cha Sultani hakutuambia kilikuwa nini. Alituambia alikula na nani.

Sasa tuje jikoni, maana bibi wa Kivinje anatungoja na moto wake.

Kabla ya kupika hutangulia kutoa. Zaka ya fitri kwa nyumba ya watu wawili ni pishi mbili, pishi moja kwa kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne. Wengi siku hizi huipima kwa kilo mbili na nusu mpaka tatu. Yaani nyumba ndogo kama hii hutoa vibaba vinane vya mchele kabla ya kwenda kusali. Na humo jikoni, je, vitapikwa vibaba vingapi? Tumepima wenyewe, na twasema kwa hakika: nusu kibaba huwatosha watu wawili wazima wasioshika jembe siku hiyo, na robo ya kibaba huongezwa kwa ajili ya sahani ya jirani. Robo tatu za kibaba basi, hakuna zaidi. Mwenye kuona kwamba sufuria lake ni dogo mno kwa sikukuu, na azikumbuke zile pishi mbili zilizokwisha kutoka mlangoni.

Tena twamwambia bibi yetu kwamba mkono wake hauna kosa. Kosa ni la sufuria. Sisi nasi mwaka wa kwanza tuliobaki wawili tulifanya kosa hilo hilo: tulipunguza mchele, lakini tukaubandika katika sufuria lile lile la zamani, juu ya moto ule ule wa mafiga matatu. Mchele mdogo ukatandazika chini kama mkeka, tui likakauka kabla punje hazijaiva, chini ukaungua na juu ukabaki mgumu. Kwa kuogopa hayo, mwaka wa pili tukapika mwingi kama zamani, na joto la pwani mwalijua: kesho yake adhuhuri wali ulikwisha kuchacha, ukatupwa. Kutupa chakula cha Idi ni jambo ambalo mpaka leo tunalionea haya kulitaja.

Dawa yake ni kununua sufuria dogo, la kimo kuliko upana, ambalo mchele ukitiwa utafika robo yake. Moto nao uwe mdogo, makaa ya jiko moja tu, au ikiwa ni gesi basi ndimi zake zisionekane nje ya sufuria. Na katika kupunguza maji, usiyapunguze kwa kipimo kile kile ulichopunguzia mchele, kwani sufuria dogo nalo hutoa mvuke, na mvuke haujali kwamba mpo wawili. Kipimo cha bibi zetu hakijapata mshindani: tui likae juu ya mchele kwa kadiri ya pingili moja ya kidole. Chumvi, kinyume chake, yapunguzwa hasa. Wapishi wa masinia husahau hili, na wali wao wa watu wawili huwa kama umepikwa kwa maji ya bahari.

Nazi moja yatosha kwa karamu nzima, na ikunwe asubuhi ya Idi yenyewe, kwa sababu tui halilali. Ukilikamua usiku wa kuamkia Idi utalikuta limechacha. Likamuliwe mara ya kwanza kwa maji ya uvuguvugu kidogo sana, upate tui zito, ulitenge. Kisha likamuliwe mara ya pili na ya tatu, upate tui jepesi. Hilo jepesi ndilo la kubandika pamoja na chumvi mpaka lichemke, kisha mchele uliooshwa hutiwa. Ukikaribia kukauka, tia nusu ya lile tui zito, geuza mara moja kwa upole, funika, punguza moto, na utie makaa machache juu ya kifuniko. Nusu ya pili ya tui zito ni haki ya samaki.

Na hapa ndipo tuna neno na mabwana. Kuna mume atakayerudi msikitini, avue kanzu, aikalie mbuzi na kuikuna hiyo nazi? Twasikia wengine wakicheka. Lakini waulizeni mabwana hao: katika arusi za Lindi na Kilwa, ni nani wanaosimama nyuma ya nyumba na miko mirefu kama makasia, wakipika pilau la watu mia tatu? Si wanaume? Basi mwanamume asiyeona haya kupika masufuria makubwa mbele ya mji mzima, haya ya nazi moja ndani ya ua wake ameitoa wapi? Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika alitoka kwenda kusali. Sisi twaona kwamba nusu ya raha ya Idi ya wawili imo katika kukuna huko. Mmoja akuna, mmoja akaanga, na mazungumzo yanakwenda. Yale mazungumzo ambayo kwa miaka thelathini hayakupata nafasi kwa kelele za watoto.

Samaki anunuliwe siku ya kabla ya Idi, kwa kuwa wavuvi nao ni Waislamu na asubuhi ya sikukuu ngalawa nyingi zimelala pwani. Changu mmoja wa kadiri ya robo tatu za kilo yatosha. Apaliwe magamba, atolewe matumbo, achanjwe mbavuni, apakwe chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu thomu vilivyopondwa, na pilipili kwa kadiri ya ulimi wenu, kisha ahifadhiwe mahali pa baridi. Siku ya pili achomwe juu ya makaa. Lile tui zito lililobaki lipikwe pembeni pamoja na bizari kidogo na ukwaju mpaka liwe zito kama uji, ndipo apakwe samaki, ageuzwe, apakwe tena, mpaka tui limshike. Kazi hii haifai kwa samaki ishirini. Mpishi huchoka akamwagia tu. Kwa samaki mmoja hufanyika kama itakiwavyo, na ndiyo sababu tunasema kwamba kuna vyakula ambavyo nyumba ya watu wengi haikupata kuvila vizuri hata mara moja.

Lakini Idi ya mwezi haina msimu wake. Kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2000 Idi ya Mfunguo Mosi iliangukia Januari na tena Desemba, kaskazini ikivuma, na mwaka 2024 ikawa tarehe 10 Aprili, masika yakiwa yameanza. Ikiangukia katika kusi kali, bahari hufunga, na samaki mbichi huwa wa tabu. Msihangaike. Pweza mkavu akiroweshwa tangu usiku, akachemshwa mpaka alainike, akaungwa kwa tui, hashindwi na changu. Na ng'onda naye ana wenyewe wampendao kuliko mbichi. Mbaazi za nazi nazo ni chakula cha heshima, na mbaazi za Lindi hatuna haja ya kuzisifu kwa watu wa Lindi.

Kitamu ni cha nini? Ni cha ile saa baina ya swala na chakula cha mchana. Zamani bibi wa nyumba alikuwa akikesha usiku wa kuamkia Idi na vitumbua, kaimati, visheti na mkate wa kumimina, akaswali Idi macho mekundu. Kwa wawili chagua kimoja. Sisi huchagua tambi, kwa sababu hazina tabu: konzi mbili za tambi zikaangwe kwa samli mpaka ziwe rangi ya kahawia, zitiwe tui jepesi, sukari na iliki, zifunikwe kwa moto mdogo mpaka zikauke. Badala ya zabibu zinazotoka ng'ambo twatia korosho zilizokaangwa, kwani kukaa katika nchi ya korosho ukatia zabibu za pakiti ni kama kukaa kisimani ukanunua maji. Kashata mbili za ufuta kando ya kahawa, basi.

Sasa mzee wetu wa Kivinje. Hatumkatazi sinia la barazani. Kukataa mwaliko wa Waislamu wenzako siku ya Idi si adabu. Na aende, ameze tonge moja la heshima, aombee watu heri, kisha aseme waziwazi kwamba nyumbani kumepikwa na anangojwa. Hilo nalo ni heshima kwa mkewe, kusemwa mbele za watu ya kuwa anangojwa. Na bibi asile jikoni. Mkeka utandikwe pale pale ulipokuwa ukitandikwa siku za watu kumi na wawili, sahani zile nzuri zilizofungiwa kabatini zitolewe, na nguo mpya, au iliyo bora, ivaliwe. Kuvaa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuona miaka arobaini si upuuzi.

Sahani ya jirani itangulie kabla ya wawili hawajanawa. Abu Dharr (R.A.) aliusiwa kuuzidisha mchuzi maji ili jirani apate, na jirani huyu si lazima awe fakiri. Mara nyingi katika mitaa yetu ni mjane au mzee mwingine aliyeuzima moto kama alivyouzima bibi wa Kivinje. Ukibisha hodi ukamkuta yu peke yake, mwambie aje na sahani yake mkae watatu. Chakula cha wawili tulikwisha kusema huwatosha wangapi.

Simu za watoto zitalia, na zitalia wakati wa kula, kwa sababu huko Dar es Salaam nao ndio wametoka kusali. Zipokeeni, semeni nao, waonyesheni huyo changu kama simu yenu inaonyesha picha, kisha iwekeni kando. Tumeona nyumba ambayo wazee walikula na simu katikati ya mkeka, wote wawili wakiitazama, na wali ukapoa.

Vijana nao wasidhani kwamba maneno haya ni ya wazee tu. Mwalimu mpya aliyepangwa Liwale, amemwoa mkewe mwaka huu, hana jamaa mjini na vyombo vyake ni sufuria mbili: huyo naye yumo. Wengi wa hawa hukopa dukani ili Idi yao ya kwanza ifanane na ya kwa baba zao, na deni hilo huwafuata mpaka Mfunguo Tatu. Na ikifika hiyo Mfunguo Tatu hukopa tena kwa ajili ya mbuzi. Udhiya kwa madhehebu yetu ya Shafi ni sunna iliyotiliwa nguvu kwa mwenye uwezo. Asiye na uwezo hana dhambi. Mwenye uwezo kidogo aweza kuingia sehemu moja katika ng'ombe wa watu saba, atoe kwa maskini na kwa jirani, na nyama itakayobaki kwake, ratili mbili au tatu, ndiyo hasa kadiri ya nyumba ya watu wawili. Ichemshwe na tangawizi asubuhi baada ya swala, supu yake inywewe kwa mkate, na nyama yenyewe ipikiwe pilau ya robo tatu za kibaba, katika lile lile sufuria dogo.

Yamebaki mambo mawili ya kumweleza bibi wetu kabla hatujaiweka kalamu. La kwanza ni ukoko. Sufuria dogo hutoa ukoko mdogo, kiasi cha kiganja, na watu wawili wataugombania. Sisi huukata kati kwa kisu, na mwenye kukuna nazi huchagua kwanza. La pili ni kiporo. Kikibaki cha konzi moja, kisiachwe ndani ya sufuria lililofunikwa hali lina joto. Kitandazwe katika sahani mpaka kipoe, kifunikwe kwa kawa, na asubuhi ya Idi pili kipashwe moto kwa tui kidogo, kiliwe pamoja na chai, kabla jua halijapanda.